Bibi Aliyesemewa

Nafundisha historia kidato cha pili, katika shule ya Kimandolu. Mwaka juzi niliwaambia wanafunzi wangu tupumzike kunakili ubaoni. Kila mmoja angemrekodi kwa simu mzee wa nyumbani kwao, kisha tungetengeneza video fupi za kuwaonyesha wazazi.

Msichana mmoja mkimya alimrekodi bibi yake, akisimulia kwa Kimeru jinsi walivyohamishwa kumpisha mlowezi. Binti alinitafsiria yote, hadi nyumba yao ilipoungua.

"Aliyeichoma ni baba yake bibi," alisema. "Hakutaka mzungu aweke ng'ombe wake humo."

Mimi niliona hilo litawachanganya watu. Nikaifuta sauti ya bibi, nikaweka yangu kwa Kiswahili fasaha, nikasema nyumba ilichomwa na askari. Binti alinikumbusha mara mbili.

"Nani mwalimu wa historia hapa?" nilimuuliza. Akarudi kwenye dawati lake.

Siku ya wazazi bibi alikuja na kitenge kipya, akakaa mstari wa mbele. Video ilipoanza, alijiona midomo ikicheza huku sauti ya mwanamume ikitoka. Alimwinamia mjukuu, akauliza kitu, mjukuu akamnong'oneza maneno yangu. Watu walipomaliza kupiga makofi, akasimama.

"Mwalimu, wewe ulikuwepo?"

"Hapana, bibi."

"Mimi nilikuwepo. Nilimbeba mdogo wangu mgongoni, nikamwona baba akiwasha moto huku analia. Mbona umemtoa?"

Mkuu wa shule alikuwa anaangalia viatu vyake.

Jumamosi nilipanda hadi kwao kumwomba radhi, na pia kumwomba asimulie upya, kwa sababu rekodi yake, iliyokuwa kwenye simu yangu tu, nilishaifuta simu ilipojaa. Hilo nalo ilibidi nimwambie. Aliitikia shikamoo yangu, akanimiminia chai ya maziwa, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nilishasema," akajibu. "Mjukuu wangu alinisikia."

Hakukubali kusimulia tena, na sikumlazimisha.

Binti sasa yuko kidato cha nne. Mwezi uliopita nilimwomba aje awasimulie wanafunzi wangu kisa cha bibi yake. Alikuja. Nilikaa dawati la nyuma. Alisimulia vizuri kuliko nilivyowahi kufundisha, na alipofika kwenye moto alimtaja baba yake bibi waziwazi, akiwaangalia wanafunzi wote, mmoja baada ya mwingine. Mimi hakuniangalia.