Pumzi ya Mamangu Kwenye Simu

Siku mamangu alipotolewa hospitali, muuguzi alitupatia kidude cha kubana kidoleni, akakiunganisha na simu ya mamangu. Asubuhi na alasiri kingempima oksijeni, na namba zingefika kwangu na kwa muuguzi papo hapo. Ikishuka chini ya themanini na tano, nimrudishe mbio. Miaka thelathini ya kukaanga mahamri kwa kuni ilimjaza makovu mapafuni, na makovu, muuguzi alisema, hayafutiki.

Mie nashona sare Changamwe, nyumbani ni Mjambere. Mchana mamangu alikaa na jirani yetu, shoga yake tangu usichana, ambaye mie namwita khala, kama mama mdogo. Kazi ya kumbana kidole ilikuwa ya khala.

Wiki ya kwanza ilikuwa vituko. Mtaani kwetu mgonjwa hujuliwa hali, na kila aliyekuja alitaka naye apimwe. Mamangu, kwa heshima zake, alikitoa kile kidude kama atoaye kahawa. Namba za watu wazima wazima, tisini na ushei, zikanijia kazini nikidhani zake! Nikawaka. "Khala, kidole ni cha mama peke yake!"

"Haya, bibi daktari," akanicheka.

Tangu hapo namba zikatulia kwenye themanini na saba, themanini na nane, ingawa kila siku nilimpigia khala simu kuzihakikisha. Kitu kimoja tu kilinitia hofu. Simu ilikuwa na sauti ya mwanamke ya kumkumbusha: "Tafadhali weka kidole chako." Mamangu aliiitikia "abee", na ile sauti, wallahi, ilimngoja amalize ndipo iendelee. Nilimwambia aache. Akasema hawezi kunyamaza akiitwa.

Kisha ikaja siku ambayo alasiri ilipita bila namba. Nikapiga simu.

"Khala, mbona hamjatuma? Ngapi leo?"

"Amelala, mwanangu. Usingizi mzito."

"Mpime hivyo hivyo. Nataka namba."

Nikangoja, cherehani imesimama. Tisini na saba! Nikapiga kigelegele, wenzangu wakageuka. Nilishukuru kwa sauti, nikajiona nimemshinda hata daktari.

Sijui ni nini kilichonifanya niitazame tena. Chini ya ile namba huandikwa mapigo ya moyo. Mia na ishirini. Mtu aliyelala? Na makovu yamekwenda wapi? Nikapiga, simu ikaita hadi ikakata. Badala ya jibu ikaja namba nyingine: tisini na saba. Nikaondoka bila kuaga. Njia nzima sikupiga simu tena, na namba hazikukoma kuja, moja baada ya nyingine, tisini na saba, tisini na saba, na ule moyo ukienda mbio zaidi kila nilivyokaribia nyumbani.

Mlango ulikuwa wazi. Nilipoingia, sauti ya yule mwanamke ilikuwa ikisema chumbani, "Asante. Unaendelea vizuri."

Khala alikuwa amekaa kitandani, mkono mmoja umeshika mkono wa mamangu. Kidude kilikuwa kimebana kidole cha mkono wa pili wa khala mwenyewe. Niligusa shavu la mamangu. Lilikuwa limeshapoa.

Nikamshika khala mabega nikamtikisa, mtu mzima wa umri wa kuninyonyesha. "Umefanya nini? Mbona hukunambia?"

"Nilimjaribu vidole vyote kumi," akasema, bila kuniangalia. "Kilikataa."

"Ungenambia! Nilikupigia simu!"

Hapo ndipo akainua macho.

"Kila siku wapiga simu kuuliza namba, mwanangu. Hata leo. Ungeniuliza mamako yu hali gani, ningekujibu. Umetaka namba, nami nikaogopa, nikakupa namba."