Gia ya Tatu ya Mwalimu

Shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu, watu walimwita Sikio. Alitengeneza giaboksi kwa miaka arobaini na moja, wala hakugusa kitu kingine. Ukimpelekea breki, alikuelekeza kwa jirani. Gari likifika aliketi kiti cha abiria, akafumba macho, akamwambia mwenyewe aendeshe hadi mwisho wa ukuta wa kiwanda na kurudi. Wakirudi, alikuwa ameshajua ni gia gani inayolalamika. Mafundi wa sasa hawasikilizi. Wanachomeka waya, wanatazama kioo cha kompyuta, kisha wanakwambia nunua giaboksi nzima. Huo nao eti ni ufundi.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja, sakafu yake safi kuliko sebule yangu. Juu ya meza ndefu alitandika shuka jeupe, na kila kipande alichofungua alikilaza hapo kwa zamu yake ya kutoka. Nilimuuliza kwa nini asitumie gunia kama wenzake. "Juu ya gunia uchafu hujificha," alisema. "Mimi nataka nionane nao."

Gari la mwisho kupita kwenye shuka lile lilikuwa la Mwalimu, mama mstaafu aliyesomesha hesabu. Mumewe alikuwa amefariki na kumwachia gari dogo la michezo, jekundu, la viti viwili, lenye umri wa miaka karibu hamsini. Gia ya tatu ilikwaruza kila alipoiingiza, na mwanawe alikwisha kupata mtu wa kulinunua alikatekate auze vipande.

"Amenipa mwezi mmoja, Fundi," alisema Mwalimu. "Likiendelea hivi, linauzwa. Kwake yeye ni chuma tu."

"Na kwako?"

"Kwangu ni mume. Tena hili halikoromi."

"Linakoroma, Mwalimu. Hujaisikia vizuri hiyo gia ya tatu."

Mwalimu alicheka, akaacha ufunguo.

Ndani ya giaboksi kuna pete za shaba. Gia inapozunguka kwa kasi, pete huishika na kuituliza, ndipo meno yaingiane bila ugomvi. "Pete ni mshenga," Sikio alizoea kusema. "Mshenga akichoka, harusi inageuka ngumi." Mshenga wa gia ya tatu alikuwa hoi. Mpya haikupatikana, kwani kiwanda cha magari hayo kiliacha kuzitengeneza zamani. Muuza spea alileta ya kufananisha. Sikio aliigeuza mara moja mkononi, akamrudishia. Kisha akaisugua ile ile ya zamani kwenye gia yake, kwa mkono, siku nne. Anazungusha, anafuta, anapima mwanya kwa ubapa wa chuma mwembamba kama karatasi, anazungusha tena.

Siku ya kufunga alikuwa na mafua makali. Kwa kawaida oili aliichagua mwenyewe, akiisugua kati ya vidole na kuinusa. Safari hii pua ilikuwa imeziba.

"Shemeji, wewe ndiye msomi wetu," aliniambia. "Kanunue oili ya giaboksi. Waambie ni ya gari la zamani."

Kisomo changu ni cha kuungaunga. Nilitoka shule darasa la nne, mengine nikajifunzia kwenye magazeti ya kufungia sukari na kamusi isiyo na jalada. Dukani palikuwa na makopo mawili, moja limeandikwa nne, jingine tano.

"Tano ndiyo ya kisasa, mzee, kali zaidi," alisema muuzaji. "Mtu anayesoma maandishi madogo hivi bila miwani hachukui nne."

Alinivika kilemba cha ukoka, nami nikakiona kimenikaa. Habari ya gari la zamani sikuitaja. Nikabeba tano, na Sikio akaimimina bila kuinusa, maana aliyeileta alikuwa msomi.

Wiki ya tatu tangu alichukue gari, Mwalimu alirudi na mwanawe. Gia ilikwaruza kuliko mwanzo. Sikio alifungua kizibo, oili ikashuka kwenye karai ikimetameta manjano: shaba iliyoliwa na ukali wa oili. Mafua yalikuwa yamekwisha. Akachovya kidole, akasugua, akanusa. Kisha akanitazama, si kwa muda mrefu. Nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Nilikwambia, mama," alisema mwanawe. "Wazee hawa wakati wao umepita."

"Fundi, niambie tu," alisema Mwalimu. "Ni nini?"

Maneno nilikuwa nayo. Nikainama kufunga kamba ya kiatu.

Sikio alifuta kidole. "Ni mikono yangu, Mwalimu. Imezeeka, sikuisugua pete sawasawa. Na sasa pete haina tena nyama ya kusugua. Nisamehe."

Gari lilibebwa na yule mnunuzi wa vipande wiki ile ile. Habari zikaenea, kwa kuwa alizisema mwenyewe, na nani ampelekee giaboksi fundi aliyekiri kuwa mikono imemwishia? Kabla ya miezi mitatu alirudisha chumba kwa mwenye nyumba.

Nilimfuata kwake mara mbili. "Shemeji, ile oili," nilianza.

"Yalikuwa mafua," alinikata. "Kunywa chai."

Mwalimu siku hizi hupanda teksi. Tukikutana njiani huniuliza hali ya fundi, halafu hutikisa kichwa kwa huruma. "Uzee hauna adabu," husema. "Mikono kama ile." Nami humwitikia kwamba ndivyo.