Siku Marehemu Babu Alipodai Bima

Jamani, hii aibu nimeikalia zaidi ya mwaka, na ningeendelea kuikalia kama si kwamba pale Tunduma watu wananiita "Marehemu" mpaka leo, nikipita tu karibu na mpaka nasikia "Marehemu vipi, umefufuka lini?" na mimi nacheka nao, lakini moyoni najua walichosikia ni nusu tu, na ile nusu nyingine inanisisimua mwili hata sasa hivi ninapowasimulia.

Mimi naitwa Lazaro Nzunda, na marehemu babu yangu kule Iyula naye aliitwa Lazaro Nzunda, maana nilirithi jina lake lote kama lilivyo, ndiyo sababu bibi ananiita "mume wangu" tangu nikiwa nanyonya (mnawajua bibi zetu). Babu aliacha pikapu kuukuu aliyoiendesha miaka na miaka bila kugusa hata kuku, nikakabidhiwa mimi, umri miaka ishirini na tatu, leseni bado inanukia upya, na kazi ikawa moja tu: msimu ukifika nibebe kahawa ya bibi kwenda mtamboni inakomenywa, siku ileile ilipochumwa, kwa sababu kahawa mbivu ikilala kwenye magunia inachacha, na bibi hana kitu kingine cha kutegemea.

Bima kubwa ya ile pikapu, iliyokuwa bado kwa jina la babu, ilipokaribia kuisha nikaenda ofisini Tunduma kuulizia. Dada wa pale, Tumaini, akaniangalia juu mpaka chini akasema kijana wa umri wangu hana punguzo, tena anaongezewa bei. Nikabisha weee, nikamwambia hili gari la babu halijawahi kupata ajali hata siku moja!

"Kaka, punguzo la kutodai linamfuata mtu, halifuati gari," akasema. "Babu yako ndiye hajadai. Wewe anza kuhesabu miaka yako."

Nikatoka nimevimba. Jioni hiyo nimekaa jikoni kwa bibi, simu ya babu (bibi alikataa katakata kuizima) ikaita mlio wa ujumbe: "Mpendwa Lazaro Nzunda, bima yako inakaribia kuisha. Jibu 1 kuendelea na punguzo lako." Nikajiuliza, Lazaro Nzunda ni nani? Si mimi? Nikabonyeza moja. Kosa lenyewe ndilo hilo, kidole kimoja tu.

Sasa, asubuhi moja ya mwezi wa saba, mnajua ukungu wa kwetu ulivyo mwezi wa saba, unaendesha huoni hata pua ya gari, nilikuwa nimepakia kahawa naenda mtamboni, nafika ile kona kabla ya daraja, mbele yangu katikati ya barabara amesimama mzee, kanyoosha mkono juu kama trafiki. Amevaa koti la kijivu lililoungua begani. Nilivuta usukani nikaingia mtaroni, rejeta ikapasuka, taa zote mbili chali. Nikashuka nikiita "Mzee! Mzee!" na hakuna aliyeitika, barabara tupu, majani ya pembeni yamelowa umande na hayajakanyagwa na mtu. Lile koti nilikuwa nalijua. Liliunguzwa na jiko la mkaa nikiwa darasa la nne, na bibi ndiye aliyeomba babu azikwe nalo.

Habari za yule mzee sikumwambia mtu yeyote. Ningesema nini? Kwenye fomu ya madai, pale wanapouliza chanzo cha ajali, nikaandika "mbuzi". Pa dereva nikaandika Lazaro Nzunda (uongo uko wapi hapo?), nikaipeleka Tunduma nikajifanya nimetumwa na mzee mwenyewe. Tumaini akasema lazima ahakikishe, akapiga namba iliyoko kwenye bima, ile simu ya babu, akaweka spika kubwa. Nikajua nimekwisha. Bibi akapokea.

"Shikamoo mama, naomba kuongea na mzee Lazaro Nzunda."

"Marahaba. Mume wangu hayupo, katoka tangu asubuhi."

"Anaendeleaje baada ya ajali?"

"Mzima kabisa! Kala magimbi sahani mbili, kaniachia vyombo."

Tumaini akatabasamu, akaniambia nimpe mzee pole, mkaguzi atakuja Alhamisi kumwona. Nilitoka pale nacheka peke yangu barabarani katikati ya malori, nikisema Mungu kanipa bibi. Mpango wangu Alhamisi ulikuwa kusema mzee kasafiri kwenda Mbebe.

Mkaguzi hakuja Alhamisi. Alikuja Jumatano, mimi niko Vwawa natafuta taa, bibi yuko shambani. Ijumaa nikaitwa ofisini. Siku hiyo ofisi imejaa, madereva wa malori, mama wa vitenge, Mzambia mmoja anakata bima ya kuvuka mpaka, na mkaguzi, baba mfupi mwenye sauti ya mhubiri, akasimama na faili langu.

"Nilifika Iyula kwa Lazaro Nzunda," akasema, "nikapelekwa mpaka anapolala. Kuna msalaba na maua ya plastiki. Sasa kijana, nieleze, marehemu aliendeshaje gari?"

Yule Mzambia akasema kwa lugha yake "Awe mwe!", yaani hapana jamani, na ofisi nzima ikaangua kicheko, mtu nyuma akapaza sauti, "Lazaro, njoo huku nje!" na mimi nimesimama pale natamani ardhi ipasuke, maneno ya bibi yananirudia, magimbi sahani mbili, na Tumaini kajifunika uso na faili, sijui analia au anacheka. Njia ya mwongo fupi, jamani, yangu ilikuwa inaishia makaburini.

Lakini mkaguzi yeye hakucheka. Akanivuta pembeni, akashusha sauti.

"Yule mzee aliyenipeleka ni nani wako?"

"Mzee gani?"

"Nilimkuta kwenye kona kabla ya daraja, ukungu umetanda. Nikauliza kwa Lazaro ni wapi, akatangulia bila neno, mimi nyuma, mpaka kaburini. Koti limeungua hapa." Akajigusa bega. "Nikamwonyesha fomu yako. Akasema, 'Mwambie hakuwa mbuzi.' Kugeuka, simwoni."

Wenzangu, nikakaa chini palepale sakafuni. Kwamba hakuwa mbuzi nilijua mimi peke yangu. Punguzo linamfuata mtu, alisema Tumaini, na sasa mwenyewe alikuwa amelifuata punguzo lake. Nikaomba kalamu, nikafuta madai yote, nikaandika kwa mkono wangu kwamba Lazaro Nzunda mkubwa amefariki na hajawahi kudai kitu.

Nyumbani nikamweleza bibi yote. Hakupiga kelele, bora angepiga.

"Mume wangu hakuwahi kudai mtu hata kiberiti," akasema. "Wewe umemfanya adai akiwa kaburini."

Tangu hapo akaniita "kijana". Kahawa tuliibeba kwa bodaboda msimu mzima, magunia mawili yakachacha, na bibi kila jioni ananiwekea chakula bila utani wowote, "Kijana, kula." Iliniuma kuliko kile kicheko cha ofisini. Pikapu niliitengeneza kwa hela yangu mwenyewe, nikakata bima kwa umri wangu, na nyongeza yao juu.

Juzi mwaka umetimia bila kudai. Nimepata punguzo, dogo, la kwangu. Nilimsomea bibi ule ujumbe, akaendelea kuchambua maharage, kisha akasema bila kuniangalia, "Haya mume wangu, kahawa iko tayari, uendeshe polepole." Nililia kama mtoto, sitawaficha.

Jina la mtu silitumii tena, hata kama ni langu. Na asubuhi za ukungu, nikifika ile kona kabla ya daraja napunguza mwendo mpaka gia ya kwanza, nashusha kioo, nasema, "Shikamoo babu." Halafu napandisha kioo haraka kabla hajaitikia.