Siri ya Mama Mdogo

Mama mdogo wangu, mjane anayeuza unga sokoni Fungurume, hakuwahi kuiamini simu. Mwaka jana alinipigia nikiwa Kolwezi, kwa ile programu ya kuongea kwa intaneti, akauliza kwanza: "Mutoto, hakuna mutu anatusikia?"

Nikamweleza kwamba sauti yake inafungwa kwa kufuli ndani ya simu yake na kufunguliwa ndani ya yangu tu. Hata wenye programu hawawezi kuisikiliza.

"Basi sikia," akasema, kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara ya malori. "Ule tata wa kamyo, ule mzee dereva wa lori, anataka kunioa. Na mi nilikubali!"

Nyuma yake vigelegele vikalipuka. Kumbe aliniweka kwenye spika, katikati ya meza za unga, kwa kuwa sikio lake halisikii vizuri.

"Unaona?" akafoka. "Kufuli yenu imevunjika!"

Nilicheka hadi machozi. Nilipotaka kumweleza, hakunisikia tena. Wenzake walikuwa wakimwimbia wimbo wa harusi, naye akiimba nao, kwa sauti kubwa kuliko wote.