Siku Maman Eulalie Alipowanyamazisha Watoto

"Siku mugeni atakuja, usimulete Noëlla hapa kwangu! Mutoto yako ananitia haya. Anauliza, anauliza, mudomo haina kufuli!"

Maman Eulalie alisema hivyo kwenye mlango wa kiwanja chake, mikono kiunoni. Bibiane, muuza ndagala, samaki wadogo wakavu, wa soko la Kadutu, alikuwa na beseni kichwani, na binti yake wa miaka minne amemshika mkono.

"Na nitamuweka wapi, maman? Mu beseni, juu ya ndagala? Nimuuzishe naye?"

"Muuzishe!"

"Weye njo ulimuzoeza! Akiuliza juu ya nini kuku haina meno, unamujibu. Anarudia kwangu na ingine kumi."

Hapo Bibiane hakukosea. Tangu mume wake afariki, Eulalie alikuwa analinda watoto wa wanawake wa soko, nao walimlipa kwa walichouza: sombe ya majani ya muhogo, maharagwe, ndagala. Watoto walichambua maharagwe pamoja naye, mekundu huku, meusi kule. Walijenga nyumba kwa maganda ya migomba, wakapika ugali wa udongo. Walipouliza, aliwajibu, hata kama jibu alilitunga palepale. Yeye mwenyewe hakuiita shule. Aliita kulinda watoto, basi.

Sasa alikuwa anakuja Martine, mwanafunzi wa chuo cha ualimu. Kwenye karatasi za chuo alikuwa na jina lingine, la mababu, maana serikali ilikuwa imekataza majina ya Kizungu. Kadutu walimwita Martine vilevile. Alikuwa anafanya uchunguzi: mtoto anapata faida gani akilelewa na kufundishwa kabla ya kuingia shule ya msingi, na mahali pazuri pa kumlea panafananaje. Watu walisema alikwisha kupita kwenye gardienne, shule ya watoto wadogo ya mjini, kwenye viti vidogo vya rangi na watoto wa wakubwa waliovaa soksi. Soksi zile hazikumtoka Eulalie kichwani. Hakutaka kuandikwa kwamba yeye ni mwanamke wa matope asiyefaa kuachiwa mtoto wa mtu.

Basi akafagia kama siku ya salongo, ile kazi ya usafi ya lazima ya serikali. Maganda ya migomba, ng'ambo ya ua. Udongo, nje. Maharagwe, ndani ya nyumba. Akaazima benchi ya kanisa, akawapanga watoto, mikono kwenye magoti. Akawafundisha jambo moja tu: mgeni akisema lolote, wajibu pamoja kwa Kifaransa, "Oui, citoyenne!", yaani ndiyo, mwananchi.

Asubuhi ya kuja mgeni Bibiane alimwacha Noëlla mlangoni, akakimbilia soko bila kugeuka. Angefanya nini? Ndagala hazijiuzi. Eulalie akamshika mtoto mkono, akamwingiza jikoni, akafunga mlango kwa kamba.

"Nyamaza. Nitakuletea muhindi."

Martine alipofika hakukaa kwenye kiti alichotengewa. Alichuchumaa mbele ya benchi.

"Jambo, batoto."

"Oui, citoyenne!"

"Munachezaka nini hapa?"

"Oui, citoyenne!"

Martine akawaangalia mmoja mmoja. "Munakulaka mawe?"

"Oui, citoyenne!"

Jirani mmoja aliyechungulia kwenye ua akapiga kelele: "Eulalie! Batoto yako bamekuwa redio!"

Eulalie jasho lilimtiririka. Na palepale kilio kikatoka jikoni, kwanza cha chini, kisha cha nguvu. Martine akageuza kichwa.

"Ni mbuzi, citoyenne," Eulalie akasema.

"Mimi haiko mbuzi!" sauti ikajibu.

Martine mwenyewe ndiye aliyefungua kamba. Noëlla alikuwa ameketi karibu na majivu, uso mweusi kwa masizi, gauni limelowa mkojo. Hakumwangalia mgeni. Alimwangalia Eulalie.

"Maman, nilikosa nini?"

Mwanamke aliyekuwa na jibu la meno ya kuku akainama kuokota kamba.

Martine hakumgombeza. Angemgombeza, ingekuwa afadhali. Alikunja karatasi yake akasema polepole: "Maman, mwalimu wa première, darasa ya kwanza, njo alinituma kwako. Alisema batoto benye kutoka hapa banaulizaka bila kuogopa, na banashika masomo haraka. Nilikuja kuona vile unafanyaka. Batoto ba kupangwa, niliisha kuona mu ville, ku gardienne."

Akaaga, akaenda.

Jirani yule akaifikisha habari sokoni. Bibiane aliacha beseni akakimbia. Nyuma yake mbuzi wa watu akalipindua, ndagala zikamwagika kwenye mfereji. Alipofika hakutukana. Alimfunga mtoto mgongoni, akasema tu: "Ndagala yangu imepotea. Utalipa."

Wanawake wengine waliendelea kuleta watoto, kwa kuwa hawakuwa na pa kuwapeleka, lakini walichungulia jikoni kwanza. Eulalie aliwaona wakichungulia, akajifanya anafagia. Maharagwe yalirudi, udongo ukarudi. Noëlla hakurudi, alishinda sokoni chini ya meza ya mama yake. Eulalie akihitaji chumvi, alizunguka njia ndefu ya nyuma ya kanisa ili asipite pale. Télesphore, mlinzi wa kanisa, alipomwuliza kama mgeni alifurahi, alimjibu: "Chukua benchi yako."

Mwishowe alijaza sahani ndagala, akavaa kitenge chake kizuri, akaingia sokoni saa ya watu kujaa.

Bibiane hakuinua macho. "Mimi ni wa pili. Mwenye kukudai wa kwanza iko chini ya meza."

Eulalie akapiga magoti kwenye maji ya samaki, kitenge chake kizuri mwilini.

"Noëlla. Hukukosa kitu. Mimi njo nilikosa. Nilikuwa na haya ya udongo, na ya maulizo yako."

"Juu ya nini ulisema niko mbuzi?"

Wanunuzi walikuwa wamesogea kusikiliza. Eulalie alisikia masikio yanawaka.

"Nilidanganya. Niliogopa ule mugeni."

"Mugeni alikuwa mubaya?"

"Hapana. Alikuwa muzuri."

"Sasa uliogopa nini?"

Mwuza nyanya akacheka: "Jibu, maman! Leo weye njo uko première!"

"Niliogopa atanicheka," Eulalie akasema.

Mtoto akafikiri. "Kamba iko wapi?"

"Niliichoma."

Noëlla akatoka chini ya meza, akasimama karibu yake. Bibiane akachukua sahani, akamimina ndagala ndani ya beseni, akaikung'uta vizuri, akamrudishia mwenyewe.

"Deni imeisha, maman. Simama, unaloana."