Nilimfuta Riziki Kwenye Picha

Nimekosa jamani, na nimemkosea mtoto wangu mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya maandalizi hapa Mji Mkongwe. Mwanangu wa miaka mitano yumo darasani mwangu. Siku hiyo niliwasomea kitabu cha picha kinachosema watu wote ni sawa, hakuna wa juu wala wa chini. Nilisoma kwa madaha kweli. Kisha nikawapa karatasi na rangi, nikawaambia wachore watu wa nyumbani wakila chakula cha mchana.

Mwanangu alichora sinia la wali, akatuchora tumelizunguka: mimi, baba yake, bibi yake na yeye. Kando, mlangoni mwa jiko, akachora mtu kachutama na kibakuli chake.

"Huyu nani?"

"Dada Riziki. Si ndo anapokaa?"

Riziki ni msichana wetu wa kazi, kwao Kiwengwa. Mwaka wa tatu huu anatupikia, na hajawahi kukaa kwenye sinia letu. Wala sikuwahi kuliona hilo kuwa ni jambo.

Uso uliniwaka. Picha zile zilikuwa za kubandikwa ukutani, wazazi waje kuzitazama. Nikachukua brashi, nikampaka Riziki rangi ya kijani mpaka akapotea.

"Hapa tutie mgomba, picha ipendeze," nikasema.

Mtoto alikuwa akiifuata brashi kwa macho. Wazazi wakaja, wakausifu ule mgomba, na mwenzenu nikacheka nao. Haya sina.

Nafsi ilinisuta. Kesho yake mchana nikamwita Riziki aje tule pamoja.

"Nshakula, Bi," akajibu, macho chini. Na wali ndiyo kwanza alikuwa ameupakua.

Nilimbembeleza siku nyingi. Sasa anakaa nasi, ingawa anakula upesi upesi kama mgeni. Nikajiona nimetengeneza. Juzi nikampa mwanangu karatasi, nikamwambia atuchore tena tukila. Akachora watu wanne.

"Na Dada Riziki je? Si tunakula naye?"

"Yeye hachorwi, mama."

Nililia mbele yake, na hakujua ninalilia nini.

Walimu wenzangu, wazazi wenzangu, msifanye kama mimi. Kabla hujamsomea mtoto habari za haki, tazama nyumbani kwako nani anakula peke yake. Mimi kitabu nilikisoma chote, na mwanangu ameshika kile nilichofanya kwa brashi.