Mbolea ya Shemeji Mstari

Mimi nina mdomo, sikatai. Wanaonijua wakinisikia namsifu mtu, hukaa mkao wa kungoja kijembe kitakachofuata. Leo hakifuati. Leo nawasimulia habari za shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, na atakayemcheka pasipo mahali pa kucheka, mimi na yeye tutakosana.

Mtaa mzima unamwita Mstari. Alikuwa mchoraji wa vibao. Kabla watu hawajaanza kuchapisha kila kitu kwenye plastiki, ukitaka kibao cha bucha, cha saluni au cha duka la dawa, ulimfuata yeye. Alikuwa anasimama mbele ya ukuta na brashi yake, bila rula wala kamba, anapiga soga na mwenye duka kuhusu bei ya sukari, na huku mstari unatoka umenyooka mpaka unajiuliza kama ni mtu huyu huyu anayeongea. Mimi ni mshonaji, mkono mzuri naujua nikiuona. Ule ulikuwa mkono.

Kisha ukaanza kutetemeka. Tukasema ni uchovu, tukasema ni baridi, mwisho tukaacha kujidanganya tukampeleka kwa daktari. Daktari akataja jina refu la ugonjwa na kutoa vidonge. Mtetemo ulipungua kidogo, lakini haukuondoka. Kibao chake cha mwisho alimchorea muuza samaki wa mapambo. Alikimaliza kwa kuushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, na herufi ya mwisho ikatoka na kigugumizi. Muuza samaki alikitundika hivyo hivyo. Siku chache baadaye akatuletea nyumbani tangi la kioo, refu la kumtosha mtoto kulala, pamoja na taa yake.

"Mzee wangu, hii ni zawadi," akasema. "Kaa tu ulitazame, upumzike."

Alikuwa hamjui. Shemeji hawezi kukaa akatazama kitu. Tangu aache kazi alikuwa ametukaba koo nyumba nzima, Dada, binti yao na mimi ninayeishi nao: sufuria zimepangwa ovyo, pazia limekwenda upande, kola niliyoshona inapanda kushoto. Na kola ilikuwa kweli inapanda kushoto, ndicho kilichokuwa kinaniuma. Kwa hiyo tangi lilipoingia sebuleni nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Samaki walikuwa wachache, wadogo wekundu, na wala hawakumshughulisha sana. Alichokipenda ni mimea. Alipanda nyasi fupi mbele, majani mapana nyuma, na katikati mmea mmoja wenye rangi ya divai ambao alikuwa anaongea nao. Baada ya muda majani yakaanza kutoboka vitundu vidogo, utadhani nimepita na sindano yangu. Muuza samaki alipoulizwa akasema ile ni njaa. Kesho yake nikamkuta Shemeji anamimina kitu kutoka kwenye chupa.

"Mbolea?" nikamuuliza. "Ndani ya maji? Shemeji, samaki wameanza kilimo?"

"Cheka tu, Shemeji. Taa hii ni kali, na taa kali inaifanya mimea ile chakula upesi. Kinyesi cha samaki hawa hakitoshi hata jani moja."

"Basi waongeze chakula, wanye zaidi."

Dada akapaliwa na chai, na Shemeji mwenyewe akacheka mpaka akakaa chini. Lakini hakuacha. Chupa zilikuwa mbili. Kubwa ilikuwa ya chakula kikuu, yaani naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Ndogo ilikuwa ya chuma na madini mengine ambayo mmea unayataka kwa kuonja tu. Hakuzitia siku moja, kwa sababu zikikutana majini zikiwa bado nzito, chuma na fosforasi vinashikana, vinazama chini kama vumbi, na mmea unalala na njaa. Leo kubwa, kesho ndogo. Wiki ikiisha anatoa nusu ya maji kwa mpira na kuweka mapya yaliyolala kwenye ndoo, ili kisicholiwa kisirundikane.

Alijifunza kuyasoma majani kama alivyokuwa anasoma ukuta kabla hajaupaka rangi. Jani changa likipauka, alisema, ni chuma kimepungua. Jani la zamani likitoboka, ni potasiamu. Akitia leo hataki muujiza kesho, anangoja jani jipya litoke ndipo aamue. Na mimi, niliyekuwa nacheka, nikajikuta kila asubuhi kabla ya kunawa uso napita sebuleni kutazama lile la rangi ya divai limeamkaje. Lilikuwa linapendeza, jamani. Wageni walikuwa wanaingia wanasahau kusalimia.

Shida ilikuwa ule mkono. Mbolea aliipima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Anavuta, anaegemeza kifundo cha mkono kwenye ukingo wa kioo, anabana pumzi, kisha anasukuma. Nyingine inaingia majini, nyingine kwenye mfuniko, nyingine kwenye shati. Siku moja Dada alinyoosha mkono amsaidie.

"Niache!" akafoka.

Mtu ambaye katika ndoa yao yote hajawahi kumpandishia mkewe sauti! Dada akarudi jikoni. Tangu siku hiyo tukamwacha na bomba lake. Angalau mimi nilidhani tumemwacha.

Mwani ukaanza taratibu. Kwanza utando wa kijani kwenye kioo, kisha nyuzinyuzi kwenye nyasi, kisha maji yenyewe yakawa kama supu ya mboga. Shemeji akapunguza saa za taa. Akabadilisha maji, akasugua kioo, akazitoa nyuzi moja moja kwa kijiti. Akipumzika siku mbili, zimerudi. Akawa hali vizuri. Akaacha kutusema juu ya sufuria, na hapo ndipo nilipopata wasiwasi wa kweli.

Alasiri moja akaja chumbani kwangu, akafunga mlango.

"Shemeji, simamisha cherehani."

Nikasimamisha.

"Nikuulize kitu, na dada yako asijue. Umewahi kuniona natia mbolea, halafu naenda tena natia?"

Nilitaka kumtania. Nikamtazama usoni, utani ukanikauka mdomoni.

"Hapana. Kwa nini?"

Akatoa ile chupa kubwa chini ya shati. Ubavuni alikuwa ameipiga kamstari kekundu, mahali mbolea ilipotakiwa kufika mwisho wa mwezi. Mwezi ulikuwa haujafika hata kati, na mbolea ilikuwa imeshauacha mstari juu sana.

"Labda inavuja," nikasema.

"Haivuji. Nimeilaza juu ya gazeti usiku kucha, gazeti limeamka kavu. Anayetia ni mimi peke yangu. Kwa hiyo natia, nasahau, natia tena." Akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu, kitu ambacho hajawahi kukifanya. "Baba yangu alianza hivi hivi. Anakunywa chai, anasahau, anadai chai. Mwisho wake aliniuliza mimi ni mtoto wa nani."

Hapo nikaelewa kwa nini siku hizi hendi sokoni peke yake. Mimi nilikuwa nimesema ni uvivu, tena nimesema kwa sauti.

"Mkono nimeshauzika, Shemeji. Nimeulilia, nimemaliza. Lakini nilijiambia kichwa ninacho. Sasa na kichwa?" Akaificha chupa tena. "Nimempigia muuza samaki. Jumamosi anakuja kulichukua tangi, kabla sijawaua wale viumbe wa watu."

Alipotoka nililia. Kisha nikashona mkono wa blauzi ya mteja ndani nje, nikaufumua, nikaushona ndani nje tena.

Jumamosi ikafika. Asubuhi nikahamishia cherehani yangu kwenye ujia, mahali ninapoliona tangi, nia yangu nimchunge mwenyewe. Shemeji akaja, akavuta mbolea, akabana pumzi, akatia. Mara moja tu. Akapangusa mfuniko, akaenda kuoga. Nikashusha pumzi.

Mara Dada huyo, ananyata kama paka. Akachukua bomba, akavuta, akatia lote, akaipangusa chupa kwa ukingo wa nguo yake na kuirudisha pale pale.

"Dada!"

Akaruka. "Shhh! Usipige kelele. Nusu inaishia nje, hujaona? Namfidia tu. Mimea ikifa ataumia."

Sijafungua mdomo, sauti nyingine ikatoka jikoni.

"Mama, kumbe na wewe?"

Alikuwa binti yao, yule anayeuza kwenye duka la dawa, amesimama na kikombe mkononi.

"Na mimi nini?" Dada akauliza.

"Mimi namtilia jioni nikirudi kazini."

Wakatazamana kama wezi wawili waliokutana kwenye dirisha moja. Siku nyingine ningecheka mpaka mbavu ziniume. Siku ile damu ilinipanda kichwani.

"Mnajua mlichokifanya nyinyi?" Nikawaambia yote, chupa, mstari, baba yake, muuza samaki. Najua aliniomba Dada asijue. Nilimwambia Dada kila neno.

Dada alikaa sakafuni pale pale. Kisha akasema, "Basi tuache tu kutia. Mwani utaondoka wenyewe, na yeye atalisahau jambo hili."

"Atalisahau! Katika maneno yote duniani umelichagua hilo?"

"Mama mdogo, tukimwambia atajua tunamhesabia matone," binti akasema, machozi yanamlengalenga. "Ataona aibu."

"Aone! Aibu ataimeza. Anachokimeza sasa hivi kinamuua."

Hodi ikabishwa mlangoni. Alikuwa muuza samaki, na ndoo mbili.

Shemeji akatoka chumbani amevaa shati safi, vifungo vimepishana kimoja, amenyooka kama anakwenda mazishini. Akamkaribisha mgeni na kuanza kumkabidhi. "Hawa wekundu wanakula asubuhi tu. Hili la rangi ya divai usiliweke pembeni, likikosa taa linapauka. Nyasi hizi ukizing'oa, anza na..."

"Mume wangu," Dada akasema. "Hujasahau kitu. Ni mimi ndiye ninayetia."

"Na mimi, Baba."

Shemeji aliwatazama kwa zamu.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile uliponifokea," Dada akasema.

"Kiasi gani?"

"Bomba zima."

"Na wewe?"

"Bomba zima, Baba."

"Kutoka chupa ipi?"

"Yoyote iliyokuwa karibu."

"Yoyote!" akapiga kelele. "Mnamwaga chuma juu ya fosforasi, nyinyi mna..." Akakatiza hapo hapo. Akajishika kichwa kwa mikono yote miwili, polepole, kama mtu anayepapasa kuona kofia yake bado ipo. "Kwa hiyo ni nyinyi."

"Ni sisi."

"Kichwa changu kizima."

"Kizima, mume wangu. Kizima kabisa."

Alicheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akamkumbatia muuza samaki pamoja na ndoo zake. Muuza samaki, maskini, hakujua hata tumetoka wapi wala tunakwenda wapi.

"Sasa mzee, nachukua au sichukui?"

"Chukua ndoo zako, ndugu yangu. Hizo tu."

Hasira ilikuja mchana, tukiwa mezani. Ilimjia taratibu, tukiiona inavyompanda usoni. Akaisukuma sahani.

"Mkono umekwenda na kila mtu anauona," akasema. "Siwakatazi kuuona. Mkitaka kunihurumia, nihurumieni mbele ya macho yangu, nifoke, yaishe. Lakini mmenihurumia nyuma ya mgongo wangu, na mimi nikalala na hofu siku zote hizi karibu na wewe, mke wangu, kitanda kimoja."

Dada akamrudishia sahani mbele yake.

Shemeji akainuka, akavaa viatu, akachukua kapu nyuma ya mlango.

"Nyanya zimeisha?"

"Zimeisha," binti akajibu.

"Naenda sokoni."

Dada alishanyanyuka. "Ngoja nikusindi..." Nikamshika nguo kwa chini ya meza, nikamvuta akakaa. Mlango ukafungwa. Akaniangalia kwa macho ambayo kama yangekuwa visu leo nisingesimulia.

"Barabara ile ina magari," akanong'ona. "Na zile kona mbili zinazofanana, akikosea njia?"

"Kaa, Dada."

"Na mkono ule, akitoa pesa watu wamtazame?"

"Watamtazama. Kaa."

Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kukaa. Dada alichukua kitambaa akafuta kioo cha tangi, sehemu ile ile moja, mpaka nikataka kumnyang'anya. Binti alifungua dirisha, akalifunga, akalifungua. Nikasikia miguu yangu mwenyewe inataka kwenda, nikaikunja chini ya kiti. Alichelewa. Alichelewa mpaka nikaanza kujitukana kimoyomoyo.

Kisha tukasikia viatu vyake uani.

Aliingia na kapu la nyanya, jasho linamtoka, nyanya mbili zimebonyea. Hakuketi. Alitazama miguu yetu kwanza, mmoja mmoja, kama kuna vumbi.

"Nani kanifuata?"

"Hakuna," nikasema.

Akamgeukia mkewe. "Hata mpaka kona?"

"Hata mpaka mlangoni," Dada akasema. "Nilitaka. Mungu anajua nilivyotaka."

Shemeji akaweka kapu mezani, akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Najua," akasema. "Asante kwa kukaa."